Kisiki cha Kigingi cha Tano

Miaka ya tisini nilikuwa na kazi ambayo mama yangu hakuweza kuwaeleza majirani. Nilikuwa napiga picha za mito. Si picha za kutundika sebuleni, hapana. Ni picha ile ile, ya mto ule ule, kutoka pale pale niliposimama mwaka uliopita. Mama alikuwa akisema tu, "Anafanya kazi ofisini Kasulu," na mtu akimuuliza ofisi gani, anakumbuka chungu chake jikoni.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Ofisini tulirithi bahasha ya picha za zamani, zilizopigwa enzi za mkoloni na mpima ardhi ambaye hakuna aliyemkumbuka. Alikuwa amepigilia vigingi vya chuma kwenye kingo za mito, kutoka mabonde ya Kibondo mpaka huku Muyama na Munanila, na juu ya kila kigingi alipiga picha moja. Sisi tulirudi kwenye vigingi vyake kila mwaka. Unasimamisha stendi ya miguu mitatu juu ya kigingi, unaning'iniza timazi mpaka ncha yake iguse chuma, unapima kimo cha kamera kwa futi, kisha unashika picha ya zamani mkononi na kulinganisha: kilele kile kiwe juu ya jiwe lile, wala si kando yake. Mwezi uwe ule ule, Oktoba mwishoni, kabla mvua hazijashika. Saa iwe ile ile, saa nne asubuhi. Ukishasafisha filamu unaweka picha mbili kando kwa kando, na hapo unaona mto umekula wapi, umetema wapi, na miti gani haipo tena.

Sharti lingine lilikuwa kwamba picha isiwe na mtu ndani yake. Za zamani hazikuwa na mtu, na mtu akiwemo pichani jicho linamkimbilia yeye na kuusahau mto. Mimi nililishika sharti hilo kuliko walionifundisha. Nilifukuza ng'ombe. Nilifukuza akina mama waliokuwa wakivundika mihogo yao. Nilimfukuza katekista mmoja akiwa na povu la sabuni kichwani. Dereva wetu alisema siku Yesu akija anatembea juu ya maji, nitamwambia asubiri ng'ambo mpaka nimalize. Nilicheka, lakini nilijua ni kweli, na nilijivunia.

Ninayotaka kueleza hapa yanahusu kigingi cha tano, na mwanamke aliyetaka nimwonyeshe alipolala mtoto wake. Hakukuwa na mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumwonyesha. Ningefurahi kama angekuwepo.

Kigingi cha tano kiko juu ya ukingo mrefu wa mto unaoshuka kutoka upande wa Munanila. Ng'ambo ardhi ni tambarare, na siku hizo ilikuwa imejaa matete na miti ya mtoni, na katikati yake mkuyu mmoja mkubwa uliokuwemo hata kwenye picha ya mkoloni. Mkuyu ule ulikuwa rafiki yangu wa kazi. Ukiuweka mahali pake kwenye kioo cha kamera, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Mwaka 1993, mwishoni mwa Oktoba, tulifika pale asubuhi ya ukungu. Redio ilikuwa imeanza kusema habari za Burundi, lakini kwetu barabara zilikuwa bado tupu. Dereva alibaki na gari huko juu. Nikasimamisha kamera, ile nzito ya ofisi ambayo unaiinamia na kutazama kioo chake kwa juu, nikajifunika kitambaa cheusi kichwani ili mwanga usinisumbue, nikangoja saa nne.

Nikiwa ndani ya kitambaa nikaona watu wakiingia kwenye kioo. Walitoka kwenye matete, mwanamume mwenye jembe na mwanamke aliyekumbatia mzigo wa nguo kifuani, wakaenda moja kwa moja chini ya mkuyu. Mwanamume akaanza kulima. Nilikasirika mpaka kidole kikafyatua kamera bila kukusudia, na picha moja ikaharibika. Hapo nikakitupa kile kitambaa, nikanyoosha mkono, nikapaza sauti kwa Kiha: "Nimuve aho!" Ondokeni hapo. Na sauti yangu, nyumbani walikuwa wakiniambia, inaweza kumwita mtu aliye kilima cha pili.

Walisimama wima. Walinitazama kwa muda ambao niliuona mrefu. Kisha, nilipoinamia kioo tena, mwanamume akamshika mwenzake mkono wakakimbia, wakapotelea kwenye matete, kushoto kwa kioo. Nilishangaa kidogo kwamba hawakunitukana. Watu wa kwetu wangenitukana mpaka kizazi cha tatu. Nikajifunika tena, nikangoja matete yatulie, nikapiga. Ilikuwa picha safi kabisa, na mkuu wangu wa kazi aliipenda akaitundika ukutani ofisini.

Wiki ile ile barabara zikajaa watu waliovuka, wenye magodoro vichwani na watoto migongoni. Ndipo nilipoelewa wale wawili walikuwa nani. Nikasema, maskini, na nikaendelea na kazi.

Mwaka 1994 kambi zilikuwa zimeota kwenye nchi yetu, na watu wa kambini wanapika na wao. Sikuwalaumu. Kuni hazina uraia. Lakini picha za mwaka ule ziliniumiza macho: matete yamefyekwa, miti ya mtoni imebaki mmoja mmoja, na mto, uliokuwa ukipita pembamba kati ya mizizi, umeanza kujitanua. Mkuyu ulikuwa bado umesimama, peke yake.

Mwaka 1995 mkuyu haukuwepo. Nilikaa pale kwenye kigingi nikishindwa kulinganisha chochote, kwa sababu kile nilichokuwa nakitegemea kilikuwa kimekwenda. Na palikuwa kimya. Zamani saa nne pale ungesikia ndege mpaka ukereke. Sasa yalisikika maji tu, na udongo ukidondoka toka ukingoni, kidogo, kisha tena. Nilipopiga picha niliandika kwenye daftari: "Mkuyu umekatwa. Kisiki kimebaki, cheusi, kimo cha mtu aliyeketi." Nikafunga vitu vyangu haraka kuliko kawaida. Sikuwa mwoga, lakini nilitaka kuwa kwenye gari.

Filamu zetu zilikuwa zikisafishwa na mzee mmoja mwenye studio mjini Kasulu, Mswahili wa pwani aliyekuja kwetu zamani akaoa na kubaki. Alikuwa na chumba chake cha giza nyuma ya duka, chenye taa nyekundu na pazia la blanketi. Alipenda kunitania kwamba mimi ndiye mteja pekee asiyetaka watu wake wapendeze, kwa sababu sikuwa na watu.

Mwishoni mwa mwaka 1996 nilipokwenda kuchukua picha, hakunitania.

"Bibie," alisema, "huku kwenu mti ukikatwa, kisiki chake hurefuka?"

Nikamwambia kisiki hakirefuki.

"Chako kimerefuka."

Alikuwa ameweka picha mbili mezani, ya mwaka 1995 na ya mwaka ule. Kila kitu kilikuwa mahali pake: kilele, mabonde, kona ya mto. Na ng'ambo, palepale palipokuwa na mkuyu, kisiki. Picha ya kwanza kilikuwa kifupi. Ya pili kilikuwa kimefika karibu mara mbili. Nilichukua kioo chake cha kukuzia nikainama. Kisiki kilikuwa na mabega. Kilikuwa na kitambaa kichwani.

"Audhubillahi," alisema yule mzee taratibu, kama mtu anayejisemea. "Mwaka jana kilikuwa kimeketi."

Nilikwenda ofisini nikaleta picha ya 1994. Tuliipekua pamoja, na tukampata. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mkuyu, ameegemea shina, na kitu pekee kilichoonekana ni doa la uso. Miaka mitatu, mtu yule yule, mahali pale pale, saa ile ile. Hakuwa akifanya chochote. Hakuwa akiteka maji wala kuokota kuni. Alikuwa ameielekea kamera.

Jinsi ambavyo sikumwona kwa macho yangu nimeshajieleza mara nyingi. Macho yangu yalizoea kutafuta kinachosogea, na yeye hakusogea. Maelezo hayo hayakunisaidia siku ile. Niliogopa, na niseme wazi kwamba niliogopa mchana kweupe, katikati ya mji, baiskeli zikipita nje. Yule mzee alinisihi nisiziache zile picha studioni kwake, hata kwa usiku mmoja. Mkuu wangu alizitazama akasema ni vumbi kwenye lenzi.

Kwa hiyo Oktoba ya mwaka 1997 sikuanza na kamera. Niliiacha kwenye gari, nikapanda juu kidogo ya mto penye gogo la kuvukia, nikavuka kwenda upande ambao kwa miaka yote nilikuwa nimeutazama tu. Nilikuwa sijawahi kuukanyaga.

Kisiki chenyewe nilikipata. Kilikuwa kimekatwa mpaka usawa wa udongo, hakifiki hata kwenye kifundo cha mguu. Mbele yake palikuwa na mahali padogo pasipoota nyasi, udongo umekandamizwa ukawa mgumu na laini, wa kutosha nyayo mbili. Nilisimama hapo nikageuka. Ng'ambo, juu ya ukingo, niliona vizuri kabisa mahali pa kigingi changu. Mtu aliyesimama kule angeonekana toka hapa mpaka vifungo vya shati.

"Leo umekuja bila bunduki yako, madamu."

Alikuwa nyuma yangu, hatua kumi hivi. Mwanamke wa rika langu, mwembamba, ana kitenge cha rangi iliyokwisha na kitambaa kile kile kichwani. Alisema kwa Kirundi, nikamjibu kwa Kiha, maana lugha hizo husikilizana, na baada ya hapo tukawa tunachanganya, na Kiswahili cha kambini juu yake. Nilimwambia sina bunduki, sijawahi kuwa nayo.

"Ile ya miguu mitatu," alisema.

Nikaketi pale pale juu ya kisiki. Yeye hakuketi. Alinieleza akiwa amesimama, bila kupandisha sauti, kama mtu anayejibu maswali ya karani.

Mtoto alikuwa na miaka miwili. Homa ilimshika njiani, siku tatu, na asubuhi waliyovuka ndiyo asubuhi aliyokata roho. Baba yake alichagua chini ya mkuyu kwa sababu penye mti mkubwa hata mgeni anaweza kuelekezwa. Alikuwa amepiga jembe mara tano, sita. Ndipo askari wa ng'ambo, aliyekuwa amejifunika kitambaa cheusi nyuma ya bunduki ya miguu mitatu, akajifunua, akawanyooshea mkono, akawaambia kwa lugha ya nyumbani waondoke. Walikuwa wameshaona kwao nini kinafuata mtu akiambiwa hivyo. Walikimbia. Walijificha chini kwenye matete, na baba akachimba mchangani kwa mikono, kwa sababu jembe alikuwa ameliacha. Wakaweka mawe matatu meupe. Wakaondoka.

"Ulijuaje kwamba haikuwa bunduki?" nilimuuliza. Lilikuwa swali la kipumbavu, lakini nilikuwa nimeshindwa kuuliza la maana.

"Kambini walitupiga picha za kadi. Mtu akaja na kitu cha miguu mitatu, akajifunika. Nilianguka chini nikawafunika watoto wangu wengine wawili, wale tuliokuwa tumewaficha kwenye matete siku ile. Watu wakacheka. Kikatoa mwanga tu." "Basi nikajua. Nikasema, yule hakuwa muuaji. Yule anaweka. Ametuweka mahali."

Mwaka uliofuata alitembea siku mbili kutoka kambini kwao, njia ya Kibondo, kwa kuibia, maana hawakuruhusiwa kwenda mbali. Alikuja mwezi ule ule na siku zile zile kwa sababu ndizo siku za mtoto. Akanikuta. Na mimi nilikuwa nimekuja mwezi ule ule na siku zile zile, kwa sababu ndilo sharti la kazi. Mume wake alikuwa amerudi kwao kuangalia shamba na hakuonekana tena, kwa hiyo alisimama peke yake pale walipofukuzwa, akangoja nimwone.

"Kwa nini hukuniita?"

"Oya, hapana," alisema. "Wewe ndiye unayeita watu."

Natamani ningeandika kwamba nilimwomba radhi hapo hapo. Ukweli ni kwamba kitu cha kwanza kilichonijia ni kukana. Nilikuwa tayari na jina la mwenzangu wa ofisini mdomoni, aliyehamishwa, ambaye hangeweza kuulizwa. Nikalimeza. Nikasema, "Ni mimi." Yeye akatikisa kichwa tu, maana hilo hakulihitaji. Alikuwa amekuja kwa jingine.

Mto ulikuwa umegeuza kila kitu. Matete hayakuwepo, mchanga ulihama, kona haikuwa kona. Alikuwa amepata kashamba ka kukodi juu kilimani karibu na kambi, na alitaka kumtoa mtoto mchangani ampeleke huko, kabla mvua hazijaanza, maana mvua hizi, alisema, zitamaliza ukingo. Hakujua achimbe wapi. Mwaka wa kwanza aliyaona mawe yake; tangu hapo hakuyapata tena, alipekua tu kwa mikono.

"Wewe una siku ile kwenye karatasi," alisema. "Nionyeshe."

Nilimwambia anipe siku tatu. Akasema atangoja Muyama, kwa mama mmoja anayesali naye.

Njiani kurudi Kasulu nilikuwa na faraja moja, na niliishika kwa nguvu. Nilikumbuka vizuri kabisa kwamba kwenye kioo walikimbilia kushoto, na kushoto ni juu ya mto, kwenye ardhi iliyoinuka ambayo maji hayajawahi kuigusa. Nilijiambia mtoto yuko salama, ni suala la kupima hatua tu. Nilikuwa karibu kufurahi.

Ofisini hatukutupa kitu. Kila picha ilikuwa na namba yake, hata zilizoharibika, na negativu zake zilikuwa kwenye bahasha ya peke yake kabatini. Niliitoa ile iliyoharibika ya mwaka 1993 nikaiinua dirishani. Kwenye negativu mambo huwa kinyume, mbingu nyeusi na vivuli vinang'aa. Wale watu wawili walikuwa na nyuso nyeupe. Mto chini yao ulikuwa mweusi. Mzigo kifuani kwa mwanamke ulikuwa mdogo sana, na mguu mmoja ulikuwa umetoka nje ya nguo.

Kisha nikaenda ukutani, kwenye ile picha safi. Miaka minne ilikuwa imetundikwa pale juu ya meza ya mkuu wangu. Wageni walikuwa wakionyeshwa. Niliishusha, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia, upande wa kushoto kwanza. Hakukuwa na kitu. Nikaja upande wa kulia, chini, kwenye kona, kati ya matete. Kulikuwa na mgongo wa mtu aliyeinama.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila anayetumia kamera ile hufundishwa siku ya kwanza: kioo chake hugeuza kushoto na kulia. Walikuwa wamekimbilia chini ya mto, kwenye mchanga. Sikuwatoa pichani hata kidogo. Niliwasogeza pembeni tu, na nilipokuwa nikingoja matete yatulie, matete yalikuwa yakitikiswa na yeye, akimchimbia mwanawe.

Nikazipanga picha zote mezani. Mwaka 1994, penye ule mgongo, madoa meupe matatu. Mwaka 1995 ukingo umekatika, doa ni moja, liko kwenye ukingo wenyewe. Mwaka 1996, maji. Nilizigeuza nyuma ingawa nilijua mwandiko ni wa nani. Ya 1995 ilisema: "Ukingo umeliwa hatua tatu." Ya 1996 ilisema: "Ukingo umeliwa hatua sita. Mkondo umehamia kulia. Hali ya kawaida." Nilikuwa nimemwona akichukuliwa mwaka hadi mwaka, nikapima, nikaandika kwa mwandiko mzuri.

Siku ya tatu nilimkuta ng'ambo, kwenye kisiki. Nilivuka nikamwambia yote, nikiwa nimesimama safari hii, na picha nikampa mkononi. Hakulia. Ile ya kwanza, iliyoharibika, nilikuwa nimemchapishia kubwa kwa yule mzee wa studio, na aliitazama muda mrefu kuliko zote. Alipitisha kidole juu ya ule mguu uliotoka nje ya nguo, kama anayetaka kuufunika. Hakuwa na picha nyingine ya mtoto yule. Aliitia kifuani ndani ya kitenge.

"Ni wapi?" aliuliza.

"Ni majini, mama. Hakuna tena cha kutoa."

"Ego, ndiyo, nimesikia. Nauliza ni wapi."

Mahali penyewe pangeweza kujulikana kutoka sehemu moja tu. Nilivuka tena, nikapanda mpaka kwenye kigingi, nikasimamisha stendi, nikashusha timazi mpaka ikagusa chuma. Saa nne ilikuwa inakaribia. Nikashika mkononi nakala yangu ya ile picha safi nikalinganisha kilele na jiwe, nikaanza kumwelekeza. Maji yalikuwa na kelele, kwa hiyo ilibidi nipaze sauti. Mbele. Kulia, kulia zaidi. Rudi kidogo. Kila nilipopaza sauti mabega yake yalishtuka, na kila aliposhtuka nilitamani kunyamaza, lakini nikinyamaza atapotea. Aliingia mtoni hatua kwa hatua akifuata sauti ile ile iliyomfukuza. Maji yalimfika magotini, mapajani, kiunoni.

"Hapo," nikasema.

Akasimama. Kitenge chake kilielea kumzunguka. Nilitazama kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza nilimwona kwenye kioo nikijua namwona. Nilitafuta kitufe, na kidole changu kikakataa. Juu, upande wa Burundi, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye vilima, na mto ulianza kubadilika rangi, ukaleta vijiti na majani. Nilijua maana yake. Nilimwita atoke. Nikamwita mara ya pili. Hakugeuka.

Nikavua viatu nikashuka ukingoni kwa kuburuzika, nikaingia. Kwa miaka yote niliyokuwa nikiupima mto ule sikuwa nimewahi kuugusa. Maji yalikuwa ya baridi sana, na chini mchanga ulikuwa ukisogea, ukitoroka chini ya nyayo zangu kila nilipokanyaga. Nilipomfikia nilimshika mkono, na yeye akanishika kwa nguvu kuliko nilivyomshika.

Nilimwambia anisamehe. Hakujibu hilo, na mpaka leo hajalijibu. Aliniambia jina la mtoto. Akasema walimzika bila kuliita, maana walikuwa wamefunga midomo kwa woga, na akaniomba niliite mimi, hapo, lakini si kwa kunong'ona. Kwa ile sauti yangu.

Juu ya ukingo kamera ilikuwa imesimama peke yake, imetuelekea. Nikajaza kifua, nikaliita.